Sebule ya Wavu Ukingoni mwa Kreta

Ninayoyaeleza hapa yalinipata mwenyewe, si ya kuambiwa. Nimefundisha katekisimu Karatu karibu maisha yangu yote, na katika umri huu uongo hauna faida kwangu. Ukiona vigumu kuamini, sikulaumu. Mimi mwenyewe sikuelewa, ila nilikuwepo.

Miaka ile sukari ilipokuwa ya kusaka, niliwapikia watalii waliolala kwenye mahema ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Dereva wetu alikuwa shemeji yangu Paskali, mdogo wa mke wangu. Safari hiyo tulikuwa na Mzungu mmoja mzee na mkewe, waliokuja na kitu ambacho sijawahi kukiona: chumba cha wavu. Nguzo nne za chuma, paa la turubai, kuta za wavu mwembamba, kinaunganishwa mbele ya hema. Hema lao lilikuwa la kulala tu, hata kusimama wima huwezi. Kwa chumba kile wakapata pa kulia, pa kusomea, pa kuvulia viatu, na nzi wa ng'ombe wa Wamasai wakabaki nje. Sisi tulikiita sebule. Zipu yake ilikuwa imeharibika, basi nilikuwa nikiufunga mlango kwa kamba, kwa nje, nyani wasiingie.

Jioni hiyo Paskali alikuwa amewapeleka wageni chini kretani. Ukungu ukatanda mapema. Wavu ukilowa huwa mzito, hupinda nguzo, kwa hiyo nikaamua kuikunja sebule. Nimeinama kung'oa kigingi cha kwanza, nikasikia mtu anakohoa ndani.

Paskali alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni.

"Umeingilia wapi wewe?" nikamuuliza. "Hata hodi?"

"Shemeji, nyumba yenyewe mtu anaonekana mpaka soksi. Hodi ya nini?"

Nikacheka. Lakini Paskali alikuwa mtu wa hodi. Hata kwenye hema la jikoni alisimama nje mpaka aitwe. Ndivyo walivyolelewa kwao. Nikamuuliza wageni wako wapi.

"Wanakuja kwa miguu. Usikunje. Lete karabai na chemli, ziweke humu zote mbili."

"Na nguzo zikipinda?"

"Zipinde. Niletee na chai."

"Haina sukari."

"Leo haitanisumbua."

Niliporudi na taa na birika, ilinibidi nifungue kamba. Fundo lilikuwa langu, nililolifunga mchana, limekazwa na unyevu. Mtu aliingiaje? Niliwaza hivyo, na bado nikamimina chai nikaiweka mbele yake. Kisha nikatoka kusikiliza kama wageni wanakuja. Nilipogeuka, sebule nzima ilikuwa imewaka nyeupe ndani ya ukungu, kama taa moja kubwa, na kiti kilikuwa kitupu.

Wageni walifika wameshikana mikono, mzee anavuja damu kwenye paji la uso. Mkewe alijua Kiswahili kidogo. Alisema, "Tulipotea. Nyati karibu sana, tunasikia anapumua. Halafu tukaona nyumba ya taa."

"Na Paskali?"

Mzee akatikisa kichwa. Gari lilikuwa limepinduka wakipanda. Paskali alikufa palepale, hata ukungu haujatanda bado.

Nikaingia ndani nikakaa. Kikombe kilikuwa kimejaa, chai imepoa. Sikulia. Niliosha jeraha la mzee, nikawapa supu, nikaosha vyombo. Hata mazikoni sikulia. Nilisoma sala zote bila kukosea, kama ninayesoma kwa ajili ya mtu wa mbali.

Wageni walituachia ule wavu. Mke wangu aliutundika barazani, na mpaka leo, ukungu ukitanda, huweka chemli ndani yake. Hatulizungumzi jambo hili. Aliniuliza mara moja tu, "Alikunywa?"

Nikamjibu, "Nilimmiminia."

Namshukuru Mungu kwa wale wawili waliofika. Hayo mengine nimemwachia Yeye.

Nawe, ukipiga hema huko juu, na mtu unayemfahamu akaingia bila hodi, usimkemee wala usimchungulie miguu. Mpe anachoomba. Na taa usiizime, maana kuna watu bado wako njiani.