Aliyesikiliza kwa Kiganja

Wiki iliyopita, msomaji wangu, nilipata habari kwamba mchimba visima mmoja niliyemfahamu amefariki katika chumba chake cha kupanga kule mtaa wa Lindi, Kibera. Alikufa peke yake. Habari ilinifikia maiti ikiwa imeshasafirishwa kwao, kando ya Ziwa, na tangu hapo sina raha.

Tulijuana Kawangware, nilikokuwa mpangaji, mwenye ploti alipoamua kutuchimbia kisima. Mtambo wa fundi huyu ulisukuma hewa ya kompresa hadi chini, nayo ikarudi juu na vumbi la mawe. Vumbi lilipolowa na kugandamana, alitia maji kidogo na sabuni ili povu lipandishe uchafu. Povu jeupe lilipofoka, akina mama walikuja mbio na mitungi, wakipiga vigelegele. "Maji imetoka!" "Bado, mama," akawaambia. "Hiyo ni sabuni yetu tu. Ngojeni kidogo." Walimnunia mpaka jioni, na mwenye ploti akamnunia zaidi. Yeye aliweka kiganja kwenye bomba, akafumba macho. Kelele za kompresa zilikuwa zimeanza kumharibia masikio, kwa hiyo alisikiliza kwa mkono. Kesho yake bomba lilitetemeka kwa namna aliyoijua, akatabasamu kabla yetu sisi kuona hata tone. Maji yale niliyanywa miaka minne.

Masikio yalipokufa kabisa, kazi nayo ikaisha. Wenzake waliacha kumtembelea, maana kuzungumza naye kulitaka kupiga kelele, na nyumba za mabati hazifichi siri. Mimi pia niliacha. Nilisingizia shughuli nyingi. Uongo mtupu, nilichoka kupaza sauti. Mara ya mwisho nilimkuta amesogeza kiti mlangoni, mgongo ukigusa mbao za mlango. "Mtu akibisha, nasikia na mgongo," aliniambia. "Lakini siku hizi ni upepo tu." Niliahidi kurudi Jumapili. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi mimi nilikuwa mtu wa kujuana naye tu.

Jirani yake ameniambia walipata taabu kuufungua mlango ule, kwa kuwa alikuwa ameketi nyuma yake. Mara nyingi nimeandika hapa kwamba jiji hili limepoteza utu. Leo sithubutu kulisingizia jiji. Anayekungoja hahitaji maneno mengi. Ningebisha tu, angenisikia.