Shingo ilibana neva, nikamwonea wivu Otieno kwa sababu ya vidole vyake

Wakuu, habari za huko mliko. Huwa nasoma za wengine hapa kimya kimya, leo acha niweke yangu. Yamenipata mimi mwenyewe na siongezi chumvi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa omena, hawa dagaa wa ziwani. Shule niliachia darasa la sita, nikaanza kubeba magunia pale ufuo wa Kisegi, gunia juu ya shingo. Leo niko na stoo Homa Bay na lori langu linapeleka mzigo Migori. Sikurithi kitu. Hakuna mtu alinisukuma.

Kwa asiyejua hii kazi: gunia la omena halinunuliwi kwa macho. Juu wanaweza kuweka kavu, katikati iko na unyevu. Unazamisha mkono mpaka kiwiko, unasugua kwa vidole, unajua. Mkono wangu ulijulikana ufuo mzima.

Halafu shingo ikaanza kuuma. Maumivu yakashuka begani, yakaingia mkononi kama shoti ya stima. Nikiinua kichwa kuangalia mzigo juu ya lori, moto! Mwisho kidole gumba na kile cha pili vikafa ganzi.

Sikuambia mtu. Niliendelea kuzamisha mkono na kutangaza "kavu" na sikuwa nasikia kitu. Nilikuwa nabahatisha, wakuu.

Sasa kuna Otieno. Tulianza kubeba magunia pamoja, umri mmoja. Yeye bado ananunua gunia mbili tatu, hajafika popote. Lakini shingo inageuka kama ya kijana, na vidole viko sawa.

Siku moja Min Achieng, yaani mama Achieng, mteja wangu mkubwa wa Migori, akaja ufuoni mwenyewe. Nikamwonyesha mzigo. Hakuniangalia hata.

"Otieno, omera, ndugu yangu, njoo uguse hii kwanza."

Mbele yangu!

"Na mimi ni nani hapa?" nikamuuliza.

"Wewe ni tajiri, mzee. Lakini magunia ya juzi nimefungua nikapata ukungu. Huo mkono wako uko likizo?"

Akina mama wanaoanika omena pale wakacheka mpaka mmoja akaweka beseni chini.

Otieno akagusa, akasema katikati kuna maji. Ilikuwa kweli.

Kuanzia hapo nilimchukia. Niliamini amenifanyia kitu, ameniroga, salamu nikamnyima. Mke wangu akachoka kunisikiliza. "Baba Brian, Otieno hana haja na shingo yako. Enda hospitali."

Nikaenda, nikapigwa picha ya MRI. Daktari, msichana mdogo tu, akanieleza vizuri. Kwenye mifupa ya shingo kuna matundu ambayo neva zinapitia kwenda mikononi. Umri ukisonga, mifupa inaota vinundu, visahani vya katikati vinanyauka, matundu yanakuwa membamba. Neva inabanwa.

Nikauliza, na mwenzangu tuliyebeba naye?

"Huenda yake pia ni membamba, mzee, na hasikii chochote. Hutokea hivyo."

Hiyo iliniuma kuliko shingo yenyewe.

Nikapewa dawa na mazoezi, na onyo: mkono ukizidi kuishiwa nguvu nirudi haraka, huenda nikahitaji upasuaji. Kubeba mzigo, hapana.

Lakini Min Achieng alikuwa anaondoka kwangu. Ikabidi nimwendee Otieno.

"Vidole vyangu havisikii," nikamwambia.

Nilingoja acheke. Hakucheka, akauliza: "Tangu lini?"

"Kabla ya ule mzigo wa ukungu."

"Si ungesema, omera."

Basi. Siku hizi yeye ndiye anagusa magunia yangu. Maumivu yamepungua sana, nashika kikombe bila kukiangusha. Ganzi ya kidole gumba bado.

Na wivu bado, siwafichi. Jana alizamisha mkono, akafunga macho vile mimi nilikuwa nafanya, akasema kavu. Min Achieng akachukua mzigo wote bila kufungua gunia lingine. Lori ni langu, magunia ni yangu, na mimi nilikuwa nimesimama tu pale kama mgeni.

Funzo langu: ganzi ikianza usiifiche, na usitafute mchawi. Ningeenda mapema pengine ingekuwa nafuu.

Sasa nauliza, na mniambie ukweli hata kama ni mbaya: kuna mtu hapa ganzi yake iliisha kabisa? Ilichukua muda gani? Nataka kuzamisha huu mkono tena mbele ya watu.