Masharubu ya Baharia wa Bwaloni

Historia ya sanaa itaikumbuka Alhamisi hii. Saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya mwandishi wa gazeti la shule, mchoraji mkuu wa taasisi yetu amesimama bwaloni juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazamana na masharubu.

Cheo hicho tumempa leo. Siku nyingine hupaka rangi milango ya vyoo, na sote tunamwita Fundi.

Masharubu si kazi yake. Jumatatu mtu asiyejulikana alimwongezea masharubu hayo baharia wa picha iliyotundikwa juu ya meza ya walimu. Bwalo zima lilicheka hadi chai ikapoa. Fundi hakucheka. Baharia huyo ni baba yake, aliyechochea makaa melini miaka ya vita. Fundi alimchora kwa Jumapili ishirini na tatu, na rangi za mafuta alizinunua kwa kuruka chakula cha mchana.

Ukiisogelea picha unaona fujo tupu. Mashavu ni mapigo mafupi ya brashi, kama koleo likigonga makaa; bahari imerundikwa kwa ncha ya kisu. Mwalimu Mkuu aliwahi kuuliza itamalizika lini.

"Sikuchora mawimbi," anasema Fundi. "Nilichora baba alivyoyaogopa."

Mdomo ni pigo moja tu la brashi: tabasamu alilorudi nalo mzee. "Siku hizi mkono unatetemeka. Mdomo huu ukifutika, siwezi kuurudia."

Jumamosi wazazi wanakuja. Masharubu yasipotoka, baharia anakwenda stoo. Kama ni rangi ya mafuta, dawa yake ni tapentaini, nayo itaondoka na mdomo. Kama ni ya maji, pamba yenye unyevu inatosha; lakini kuisugua rangi ya mafuta isiyokauka kutaisambaza hadi mdomoni. Anayejua ni mmoja, na siku ya nne hii amekuwa bubu.

Fundi anachovya kitambaa kwenye tapentaini. Anakiinua. Anasita.

"Kila mkono una mwendo wake," anasema bila kugeuka. "Hizi nywele zimevutwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mwanangu, wewe unaandika kwa mkono gani?"

Kalamu ya mwandishi wa habari hii, iliyo katika mkono wa kushoto, inasimama.

"Ni rangi ya maji, Fundi. Ya darasani. Ni mimi."

Anashuka polepole, anaifunika tapentaini, ananikabidhi pamba.

"Basi mate yatatosha. Yako."

Jumapili anataka kuanza kumchora mama yake, aliyemsubiri baharia huyo miaka minne. Ukuta wa kando uko wazi. Hadi kengele ya chai inalia, mdomo wa mzee uko salama. Uliokauka ni wangu.