Silaha ya Ndoc kwenye Msumari wa Pashk

Marehemu kaka yangu Pashk alikuwa mtu wa sala na mtu wa wivu, na Mungu alimpokea na vyote viwili. Sisi tuliobaki tunamwombea.

Mwaka ule ghala za jeshi zilipovunjwa na kuporwa, hapa Lezhë, kama kwingineko Albania, kila nyumba ilikuwa na bunduki. Pashk alikuwa na chumba cha gemu mle nyumbani kwetu, karibu na kanisa: televisheni moja, mashine moja. Ng'ambo ya barabara, Ndoc alifungua chake, na shemeji yake akamletea kutoka Italia bastola ya plastiki. Ukiielekeza kwenye kioo cha televisheni na kufyatua, bata wa gemu anaanguka. Vijana wote wakahamia kwa Ndoc. Waliweka kalashnikov zao mlangoni wakapanga foleni ya kuua bata.

Pashk hakulala vizuri tena. Kwa bei ya plastiki ile ungepata bunduki tatu za kweli na debe la risasi. Akavuka barabara.

"Ndoc, nakupa kalashnikov mbili."

"Kalashnikov hata paka wangu anayo, bwana."

"Tatu. Na risasi."

"Nikafanye nini nazo, nipande maharage yatambae juu yake? Nenda kasali rozari, Pashk, labda Bikira Maria ataituma kwa posta."

Alirudi nyumbani midomo imekauka. Nilimpa byrek, pai yetu ya jibini, hakuigusa. "Mrika," akaniambia, "yule ana kipande cha plastiki, mimi nina familia. Mbona Mungu anampenda yeye?"

Kisha umeme ukaruka, televisheni ya Ndoc ikaungua. Jumamosi hiyo akaja kwetu, bastola mkononi, vijana wote nyuma yake. "Pashk, televisheni yako, bastola yangu. Tutagawana nusu kwa nusu."

Chumba kilijaa kikafurika. Wateja wote aliowalilia walikuwa wamesimama mbele yake. Kaka yangu akanyoosha mikono miwili.

"Karibu, mgeni. Nipe silaha yako."

Ndoc akacheka, akampa. Pashk akaitundika kwenye msumari karibu na mlango, pamoja na bunduki za vijana, kama baba alivyotufundisha: silaha ya mgeni hulindwa na mwenye nyumba mpaka mgeni aondoke.

"Haya, ishushe basi tucheze," akasema Ndoc.

"Mgeni bado yumo ndani."

"Wewe, hiyo ni plastiki!"

"Kwangu chochote chenye kifyatulio hutundikwa. Mrika, mletee mgeni kahawa."

Nilileta kahawa, kisha nyingine. Vijana walisihi, wakatukana, wakaondoka mmoja mmoja na bunduki zao. Pashk alikaa akiitazama ile bastola ukutani kwake, uso unang'aa kama bwana harusi. Jioni akaishusha, akamkabidhi Ndoc mlangoni, mpini mbele, kwa heshima zote. Chumba hakikupata mteja tena. Kaka yangu akaishia kuziba matairi ya watu, na kila alipoona bata angani alikunja uso.

Majira haya ya baridi moyo wake ulisimama. Wazee walikuja matangani wakanywa kahawa chungu. Ndoc akaja, mgongo umepinda, na kabla ya kuvuka kizingiti akatoa chini ya koti ile bastola, rangi imebabuka.

"Mrika, dada yangu, pokea silaha ya mgeni."

Niliitundika kwenye msumari uleule. Usiku kucha matangani watu hawakuzungumza juu ya misa alizohudhuria kaka, wala jinsi nilivyomuuguza. Walizungumza juu ya Ndoc na bastola yake. Nilishika rozari, na roho ikaniwaka kwa wivu.

Alipoinuka kwenda, nilimfuata hadi mlangoni, bastola mikononi, mpini mbele.

"Ndoc, silaha yako."

Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Sijaondoka bado," akasema, akaiacha mikononi mwangu, akavuka barabara kuelekea kwake.