Nyanya za Roshani

Kwetu Njombe hakuna anayeziamini nyanya zake mpaka jalidi ipite, ule ubaridi mweupe unaoganda juu ya majani na kuyababua usiku mmoja. Kwa hiyo nilipofika Dubai na kupata chumba cha kuchangia Al Nahda, sikuiamini hata Januari yao. Dada wa Unguja niliyekaa naye chumbani aliniambia mbegu zangu nizipande mwezi wa kumi. Nikajisemea, huyu anaitaka roshani aanikie nguo zake. Nikangoja baridi yote iishe, nikapanda mwezi wa nne.

Mwezi wa tano miche ikalala. Majani yalilegea kama mboga iliyotoka chunguni. Niliyanusa nikitafuta harufu ya sabuni, kisha nikaanza kuichunguza ndoo yake ya kufulia kila nikitoka na kila nikirudi.

Siku ya mapumziko, mchana, nilimwagilia miche, nikajaza tena jagi langu la plastiki, halafu nikamvaa.

"Dada, unaimwagia miche yangu maji ya moto ya kufulia. Sema tu!"

Hakubisha. Aliniuliza maji ya jagi nimeyatoa wapi.

"Bomba la maji baridi. Kwani kuna lingine?"

Akaniambia nitie mkono ndani. Nikautia, nikautoa mbio. Tangi letu liko juu ya paa, na jua la huku linalipiga kutwa.

"Haya, nani kaipika?" akauliza. Akabeba ndoo yake, akaenda kuanika nguo roshani.