Makopo Mawili ya Maziwa Kwenye Kabati la Vioo

Mkasa huu sijawahi kuusimulia mbele ya wanangu, na wakiingia sasa hivi nitageuza maneno, kwa hiyo nisikilizeni haraka. Wenzangu mna aibu zenu za kuteleza kwenye matope au kuvaa gauni nje ndani, mnacheka na yanaisha. Yangu ni ya makopo mawili ya maziwa ya mtoto, na aliyeumia zaidi si mimi.

Ilikuwa miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Mimi na mume wangu, fundi cherehani, tulikaa Old Kampala, chumba na sebule nyuma ya maduka waliyoyaacha Wahindi walipofukuzwa (duka la mbele yetu alipewa askari mmoja, akauza kila kitu mpaka mizani, halafu akawa anakaa mlangoni kutwa akishangaa wateja wamekwenda wapi). Zuhura wangu alikuwa na miezi mitano. Aliyelea mtoto mchanga miaka ile atanielewa: sabuni unaikata kwa uzi kipande kidogo kama peremende, nepi nilizikata kwenye shuka langu la harusi, poda ilikuwa unga wa muhogo niliouchekecha kwa kitambaa, na pini ya nepi nilikuwa nayo moja tu, niliilinda kuliko hereni zangu.

Maziwa ya kopo nilipata makopo mawili, Zuhura alipozaliwa, mteja wa mume wangu alituletea kutoka anakokujua yeye. Yaliisha kabla hata mtoto hajaanza kucheka. Lakini makopo yenyewe sikuyatupa, nani angetupa? Nikayaosha, nikayapanga kwenye kabati la vioo sebuleni, ile picha ya mtoto wa mashavu manene ikatazama mlangoni. Hapo sikuwa na kosa, kila nyumba ilipanga makopo. Kosa lilianza siku wifi yangu Saada alipokuja kututazama.

Wifi Saada alikaa kwenye maghorofa ya Bugolobi, mume wake mtu wa ofisi, na tangu niolewe aliniangalia kama kitu ambacho kaka yake alikiokota. Siku hiyo akambeba Zuhura, akampima kwa mikono, akasema, "Ee! Mtoto amenenepa huyu. Unampa nini?" Ningesema kweli pale yangeishia pale. Kweli yenyewe ni kwamba kila alfajiri nilitembea mpaka nyuma ya soko la Kalerwe, kwa mama mmoja mwenye ng'ombe wawili, akanijazia chupa kwa siri, maana askari wangejua wangemchukulia ng'ombe. Lakini maziwa ya ng'ombe, ya kufuata kwa miguu na kanga kichwani, mbele ya wifi wa Bugolobi? Nikanyoosha kidole kabatini. "Si hayo hapo, wifi. Ya kopo."

Akaenda kulishika! Bahati yangu mlango wa kabati ulikuwa mgumu. Alipoondoka tu nikayajaza yote mawili jivu la sigiri (unga ni chakula, siwezi kuufungia kwenye kopo), nikashindilia vifuniko, nikayanyanyua, nikaona yana uzito mzuri kabisa. Mume wangu akanikuta, akatikisa kichwa. "Mama Zuhura, watu wakisema tunaficha bidhaa nitachukuliwa mimi, si wewe." Nikamwambia makopo mawili hayawezi kuitwa kuficha bidhaa. Nilijiona mjanja, jamani, nilijiona mjanja sana.

Sasa, mlango wa pili kutoka kwetu alikaa Nalongo. Ndivyo Waganda wanavyomwita mama aliyezaa pacha, kwa heshima, na yule aliistahili. Ndiye aliyenishika mkono nilipokuwa na uchungu wa Zuhura. Pacha wake, Wasswa na Kato, walikuwa na miezi miwili. Mume wake alichukuliwa kazini na watu waliokuja na gari, wamevaa miwani myeusi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona. Nalongo alizunguka kila kambi akiuliza, akarudi maziwa yamemkauka kifuani.

Jumatatu akaja kwangu. Hakukaa, alipiga magoti palepale mlangoni, mtu mzima mwenzangu, akasema, "Mama Zuhura munange, rafiki yangu, saidia mimi kopo moja tu, bambi, tafadhali. Hata nusu. Kato nalia mpaka sauti imekwisha."

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza, "Nalongo, makopo yale yana jivu, lakini twende Kalerwe nikuonyeshe maziwa." La pili ndilo nililolitoa. Nilisema, "Hayo ni ya mwanangu, Nalongo. Nikikupa, wangu atakunywa nini?" Nilichagua aniite mchoyo kuliko ajue sina. Akasema, "Kweli, nyabo," yaani kweli bibi, akainuka akaenda zake, na jioni nikamsikia Kato analia ng'ambo ya ukuta, na sikulala vizuri, lakini nililala.

Ijumaa ilikuwa akika ya Zuhura, iliyochelewa kwa sababu mbuzi alikuwa hapatikani. Wanaume na shehe uani, wanawake sebuleni kwenye mikeka, na Nalongo (ndiyo, Nalongo niliyemnyima) alikuja tangu asubuhi, pacha mgongoni na kifuani, akanimenyea vitunguu na kunichagulia mchele. Wifi Saada alikuja na mtandio mweupe, akakaa mbele ya kabati, na kila mgeni aliyeingia akamwonyesha makopo. "Kaka yangu anajitahidi," alisema. Nilijisikia nimepanda cheo.

Dua ilipoanza wanawake tukatoka mlangoni kuitikia amina, Nalongo akabaki ndani. Kabla haijaisha nikasikia wifi, aliyetangulia kurudi ndani, anapiga kelele, "Mwizi! Mwizi wa maziwa!" Amemshika Nalongo mkono kwenye korido ya jikoni, na gomesi ya Nalongo, lile gauni pana la Kiganda, imetuna chini ya mshipi kiunoni. Kabati liko wazi. Wanawake wakajaa, hata uani dua ikakatika.

Hapo, sikilizeni, hapo ndipo ninapojichukia. Kati ya wanawake wale mimi peke yangu ndiye niliyejua lile kopo lina nini. Ningesema tu, "Mwacheni, nimempa mimi," kila mtu angerudi kwenye mkeka na pilau. Badala yake, kwa kuogopa wifi asinishuku, nikashika kiuno nikasema kwa sauti ya juu, "Nalongo, hata wewe? Maziwa ya mwanangu?"

Nalongo aliinamisha kichwa. Wifi akaingiza mkono kwenye mshipi, akavuta, kopo likamponyoka, likapiga sakafu, kifuniko kikaruka. Jivu likatoka lote kwa mkupuo. Likamwagika kwenye mikeka, kwenye sinia la wageni, kwenye mtandio mweupe wa wifi mpaka kwenye nyusi. Bibi mmoja nyuma akachekea kwenye kanga, na wengine wakamfuata.

Nalongo hakucheka. Alichuchumaa, akachomeka kidole ndani ya kopo mpaka chini, akakitia mdomoni, akitumaini labda huko chini kumebaki maziwa. Kisha akaniangalia.

"Jivu," alisema. "Mama Zuhura, ulikuwa nanyima mimi jivu?"

Mume wangu akaja na ufagio, akafagia mwenyewe mbele ya shehe na wageni wote, hakuniangalia. Nalongo akafunga watoto wake, akaondoka bila kula. Kuanzia siku ile mtaa mzima uliniita Mama Jivu, na wifi akalipeleka jina mpaka Bugolobi, na yote hayo nilistahili.

Alfajiri iliyofuata nilirudi kutoka Kalerwe na chupa mbili, nikabisha kwa Nalongo. Nikamwambia habari ya yule mama wa ng'ombe, nyumba yake, mlango wa kugonga, yote. Alipokea chupa kwa sababu ya watoto. Kato alinyonya mpaka jasho likamtoka (alipona, Mungu mkubwa, ni mtu mzima leo). Nalongo alikuwa anamtazama yeye, si mimi, aliponiuliza:

"Jumatatu mimi nilikuja kwako, huyu mama wa Kalerwe ulikuwa namjua?"

"Nilimjua."

"Na Jumanne?"

"Nilimjua, Nalongo."

Jumatano hakuiuliza. Mwezi uleule alihamia kwa wazazi wake Masaka, na mimi hakuniaga. Tangu hapo, mama yeyote akiniuliza mtoto namlisha nini, namwambia kweli, hata kama ni uji mtupu, na kama kuna mahali pa kupata maziwa namshika mkono nampeleka.