Namba 643 na Jirani Aliyeniona Nikipanda Teksi

Niliguswa bega. Nikageuka.

Alikuwa Obdulia. Jirani yetu. Mwanamke ambaye nyumba yetu haikuwa imemsemesha kwa miaka tisa.

Akaniinamia sikioni, taratibu kabisa.

"Nilikuona Palas de Rei," akasema. "Ukipanda teksi."

Jamani. Nikaangalia haraka kama kuna aliyesikia.

Maana tulikuwa kwenye foleni ya cheti cha hija, Santiago, mji wa Mtakatifu Yakobo. Foleni ya watu waliofika kwa miguu. Kwa miguu, si kwa teksi.

"Sikiliza, Sabela, mimi..."

"Usinisemeshe!" nikamkata. "Mwizi wa ardhi wewe. Usilitaje jina langu."

Watu wakageuka. Obdulia akaegemea fimbo yake, akaangalia mbele.

Mkononi nilikuwa na karatasi ya namba: 643. Yake 644. Skrini ukutani ilisomeka 412.

Saa sita mchana hiyo. Basi langu la kurudi nyumbani lilikuwa saa kumi na mbili jioni. Hakuna lingine mpaka kesho.

Sasa ngoja niwaambie nilifikaje pale.

Mimi ni mpishi wa shule ya msingi. Kijiji chetu kiko nje ya Monforte, nyumba kumi na nne tu. Ukipiga chafya nyumba ya kwanza, wa nyumba ya mwisho anakuuliza kesho yake kama umepona.

Baba yangu, mzee Eladio, alipata kiharusi mwaka juzi. Siku zile alipokuwa hawezi kutamka hata jina langu, aliweka nadhiri kimoyomoyo: sauti ikirudi, atatembea mpaka kwa Mtakatifu Yakobo.

Sauti ikarudi, nusu. Miguu haikurudi.

"Nenda wewe," akaniambia, mdomo umepinda. "Kwa jina langu. Niletee karatasi."

Inaruhusiwa. Mtu asiyeweza kutembea, unatembea wewe kwa niaba yake, na jina lake linaandikwa kwenye cheti. Ila sharti ni moja: kilomita mia za mwisho uende kwa miguu, mfululizo, bila kuruka.

Nikaanzia Sarria, kilomita mia na kitu kabla ya Santiago. Siku ya tatu asubuhi, niko Palas de Rei nafunga kamba za viatu, simu ikaita. Dada yangu Uxía.

"Baba ameshikwa tena," analia. "Daktari anasema tuhesabu siku. Sabela, fanya haraka."

Ningefanya nini? Nikapiga muhuri kijitabu changu cha hija, kile kinachoonyesha ulikopita, kwenye mgahawa pale Palas, nikapanda teksi mpaka Arzúa, nikapiga muhuri mwingine. Kilomita ishirini na tisa zikapita dirishani. Nilizobaki nazo nikazitembea karibu kwa kukimbia.

Mihuri ilikaa sawa. Hakuna ambaye angejua.

Hakuna, isipokuwa huyu aliyesimama mgongoni kwangu.

Na kwa nini yeye? Miaka tisa nyuma, jiwe la mpaka kati ya shamba letu la viazi na lao lilikutwa limesogea hatua mbili, kuingia kwetu. Baba alifoka siku ile moja. Baada ya hapo sikumsikia tena akilitaja.

Mimi ndiye niliyeubeba ugomvi. Nilipeleka malalamiko halmashauri. Niliweka seng'enge. Kanisani nilikuwa nikimwona anaingia, nahama benchi. Mume wake alipofariki mwaka uliofuata, nilisimama mlangoni kwetu nikasema mtu wa nyumba hii asikanyage mazikoni. Na hakuna aliyekanyaga.

Kwa hiyo nilijua hasa anachongoja. Anangoja nifike dirishani, afungue mdomo.

Skrini ikasema 438.

Nikamfuata mlinzi.

"Kaka, naomba nichukue namba nyingine. Ya nyuma kidogo."

"Ya nyuma ni mia tisa na kitu, dada. Hiyo ni kesho asubuhi. Na hapo ulipo usitoke. Ukiitwa haupo, unaanza upya."

Nikarudi. Obdulia akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Choo kiko upande ule," akasema.

"Nilikuuliza?"

"Naona unahangaika tu. Kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Na wewe umekuja kutafuta nini huku? Kuna shamba umeliona?"

Akakohoa. Kila alipokohoa mimi roho ilinipaa, nikidhani sasa anaanza.

Ukumbi ulijaa. Makoti ya mvua yanachuruzika, jasho, viatu vilivyolowa siku tano. Mbele yangu kundi la wanafunzi linaimba kwa furaha, nyuma yangu ile fimbo. Tok. Tok. Kwenda siwezi, kurudi siwezi.

Saa nane na nusu, skrini 540. Simu ikaita.

"Anakuulizia," Uxía akasema. "Ngoja nimpe."

Nikasikia pumzi. Halafu: "Sa... bela. Wame... andika?"

"Bado kidogo, baba. Niko karibu."

"Jina langu... lote?"

"Lote, baba. Eladio Outeiriño Seoane."

Nilipokata simu nikaona Obdulia amegeukia ukutani. Nikajisemea moyoni, anacheka huyu. Anajificha nisimwone anavyocheka.

Nikashindwa. Nikamgeukia.

"Sema unachotaka tumalizane."

"Sitaki kitu kwako."

"Basi nyamaza ukifika pale. Ni cha baba. Si changu."

"Mimi nimenyamaza tangu saa sita," akasema. "Wewe ndiye unayeongea."

Saa kumi na robo.

643, dirisha la saba.

644, dirisha la nane.

Hata madirisha yetu yalikuwa jirani. Aisee, nilitaka kulia.

Dirishani kwangu alikaa mzee mmoja mwenye ndevu, anajitolea pale. Akafungua kijitabu changu, akapitisha kidole kwenye mihuri.

"Sarria. Vizuri. Umetembea yote kwa miguu?"

"Ndiyo," nikasema.

"Cha kwako au kwa niaba ya mtu?"

"Kwa niaba ya baba yangu. Hawezi kutembea."

Akatabasamu kwa huruma, akachukua kalamu. Nikamtajia jina. Akaanza kuliandika, herufi kubwa nzuri za kujipinda. E. L. A.

Hapo ndipo niliposikia dirisha la nane.

"Na wewe mama, cha kwako au kwa niaba ya mtu?"

"Kwa niaba ya mtu," Obdulia akajibu. "Eladio Outeiriño Seoane."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Ni ndugu yako?" dada wa dirishani akauliza.

"Jirani yangu. Lakini usiandike kwanza, mwanangu. Goti liliniua nikiwa Palas. Nilipanda teksi mpaka Pedrouzo. Kilomita arobaini na nane sikuzitembea. Nimepanga foleni kuuliza tu kama zile nilizotembea zinaweza kumsaidia kitu."

"Pole, mama. Sharti ni mia, mfululizo."

"Nilijua. Nilitaka kuuliza."

Hakunitazama. Hakuninyooshea kidole. Alichukua kijitabu chake, akaanza kukirudisha mfukoni.

Yule mzee wa dirishani kwangu bado anaandika. Alishafika kwenye O ya mwisho ya Eladio.

"Acha," nikasema.

"Nini?"

"Na mimi nilipanda teksi. Palas mpaka Arzúa."

Akaiweka kalamu chini. Hakufoka. Ni afadhali angefoka. Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka pembeni, akasema, "Asante kwa kuniambia." Halafu namba nyingine ikaitwa.

Nje mvua ilikuwa imezidi. Nilimkuta Obdulia amesimama chini ya upenu.

"Kwa nini?" nikamuuliza. Ndilo neno pekee lililotoka.

"Yule anayepitisha mikate kwa gari kijijini aliniambia kuhusu nadhiri ya baba yako. Nikaona wewe kazi yako haikupi nafasi, utashindwa. Nikasema nitatembea mimi." Akajifuta uso. "Ndicho nilichotaka kukwambia mle ndani. Kwamba nilikuwa pale Palas, nami nikisubiri teksi. Ukanipigia kelele."

"Na jiwe?"

Akakung'uta maji kwenye fimbo yake.

"Jiwe nililisogeza mimi," akasema. "Mume wangu alikuwa kitandani, nikaona nikipanda mistari miwili zaidi tutapita msimu wa baridi. Halafu nikaona haya kulirudisha. Wewe ulivyozidisha moto, nami haya ikageuka kiburi."

Tulipanda basi moja. Viti vya kuambatana. Njia nzima hatukusema zaidi ya "unataka dirisha liwe wazi?" na "hapana, asante."

Nyumbani, Uxía alifungua mlango, akamwona aliye nyuma yangu, akabaki mdomo wazi.

Baba alikuwa macho.

"Sikupata karatasi, baba," nikasema. "Nilidanganya, halafu nikashindwa kudanganya mpaka mwisho."

Macho yake yalikuwa mlangoni. Obdulia akasogea, akakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, koti bado limelowa.

"Eladio. Lile jiwe ni mimi."

"Na... jua," baba akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Siku... ileile." Akavuta pumzi. "Viazi... vilitoka?"

"Vilioza vyote. Ile mvua ya mwezi wa tano."

Baba akatoa sauti fulani. Uxía akashtuka, akadhani anashikwa tena. Kumbe anacheka. Obdulia naye akaanza, huku machozi yanamtoka, mpaka fimbo ikamdondoka.

Mimi nilibaki nimesimama katikati ya chumba.

"Baba, kama ulijua, mbona ulituacha tugombane miaka tisa?"

Akanigeuzia jicho lake lile zima.

"Mume wake... alikuwa anakufa. Mimi nilisamehe. Wewe... hukuniuliza."

Alifariki siku kumi na moja baadaye. Kila jioni kati ya siku hizo Obdulia alikuja na mchuzi wa mboga, akamlisha kwa kijiko, na mimi nikawa naosha vyombo nyuma yao. Mazikoni, nyumba zote kumi na nne zilikuwepo. Nilimkumbuka mume wa Obdulia, aliyezikwa bila sisi, nikatamani ardhi inimeze.

Wewe unayesoma, kama kuna ugomvi umeukuta nyumbani kwenu ukaupokea kana kwamba ni urithi, nenda kwa mwenyewe aliyeuanzisha. Muulize kama yeye bado anagombana. Muulize leo, angali anaweza kukujibu.